Saa ambazo nesi hayupo: shajara ya mradi wa huduma shufaa ya ujirani

Hii ni shajara ya kazi inayoendelea. Tunaiandika kwa ajili ya kikundi chochote cha majirani kinachotaka kusimama na watu wenye maradhi yasiyopona, pamoja na wale wanaowauguza. Hatua za kawaida tumezifupisha. Mahali kazi ilipokwama tumeeleza kwa urefu, maana hapo ndipo mwenzetu atakapookoa muda. Habari za nyumba tulizoingia tumezichanganya na kuzibadilisha ili asitambulike mtu.

14 Januari: Kugawana kazi na kliniki

Kabla ya kumwita jirani yeyote tulikaa na nesi wa huduma shufaa (huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya wenye maradhi makubwa) na msimamizi wa kliniki yake. Ajenda ilikuwa moja: nani afanye nini. Vikundi vinavyoanza kwa huruma tupu hujikuta vimeshika dawa visizozijua, na kliniki ikishaogopa haifungui mlango tena.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji huduma shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Ukiisoma takwimu hiyo upesi utadhani kinachokosekana ni madaktari na manesi peke yao. Wanahitajika, tena sana. Lakini hata mgonjwa mwenye bahati ya kutembelewa na nesi kila wiki, nesi huyo hukaa kwa muda, kisha huenda kwa mwingine. Saa zote zilizobaki ni za nyumbani: za kugeuza mwili kitandani, za kusubiri dawa ifanye kazi, za kuogopa usiku. Mradi huu ni wa saa hizo.

Mfano tulioegemea ni wa Kerala, India. Huko, mwaka 1999, ulianzishwa mtandao wa ujirani wa huduma shufaa. Watu wa kawaida waliopewa mafunzo ndio wanaotambua wagonjwa, wanaowatembelea, wanaochangisha fedha kidogo kidogo na wanaosimamia shughuli, huku madaktari na manesi wakiwaunga mkono. Kilichotuvutia ni huo mpangilio: jamii ndiyo yenye huduma, wataalamu huitwa kazini. Sera ya serikali ya jimbo ilikuja baadaye, mwaka 2008, kazi ikiwa tayari inaonekana mitaani.

Tulichokubaliana, tukakiandika kwenye karatasi, ni hiki. Nesi hupima maumivu, hupanga dozi, hushughulikia vidonda na mirija, na ndiye anayepigiwa simu hali ikibadilika. Jirani hukaa na mgonjwa, husikiliza, hushika zamu ili anayeuguza alale, husaidia kugeuza na kuosha pale familia inapotaka, na hupeleka taarifa. Hapangi dozi, hachomi sindano, hamwambii mtu aache dawa. Karatasi hii haikugharimu fedha, ila ilikula vikao, kwa sababu kila neno lilibishaniwa. Bila karatasi kama hii sishauri mtu aanze.

9 Februari: Mkutano wa kwanza haukuzaa

Tangazo liliandikwa "Kupanga mwisho wa maisha". Waliokuja walikuwa wachache na wengi walikaa karibu na mlango. Mzungumzaji alieleza maana ya huduma shufaa, akaanzia kwa daktari Mwingereza Cicely Saunders na hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's aliyoifungua London mwaka 1967, akaja kwenye haki za mgonjwa, halafu akauliza kama kuna maswali. Kimya. Watu walipotoka, mama mmoja alisikika akimwambia mwenzake, "Ukiona wamekuandikia hiyo, dada, ujue wamekukatia tamaa."

Hofu hiyo ndiyo tuliyopaswa kuizungumza ndani ya ukumbi, nayo ilibaki nje. Tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, tuliacha kuwaita watu kwetu, tukawafuata walipokwisha kukusanyika: vikundi vya kuweka akiba, kwaya, mikutano ya wazazi, timu za michezo. Pili, mhadhara uliondoka, yakabaki maswali. Tunaanza hivi: "Kuna mtu uliyewahi kumuuguza mpaka mwisho? Nini kilikusaidia, na nini kilikuumiza?" Swali hili halihitaji elimu wala ujasiri wa kuzungumzia kifo chako mwenyewe. Watu wazima karibu wote wana jibu, na mara nyingi hawajawahi kuulizwa. Wakishasimulia, la pili linakuja bila kusukumwa: "Na wewe, ukiugua ukashindwa kusema, ungetaka nani aseme kwa niaba yako?"

Hofu ya kukatiwa tamaa tunaijibu kwa mfano mmoja. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Boston kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu yao walianzishiwa huduma shufaa mapema, sambamba na tiba ya saratani. Hao waliishi vizuri zaidi, walisongwa na huzuni kwa kiasi kidogo, na kwa wastani waliishi muda mrefu kuliko wenzao, ingawa waliopewa tiba kali karibu na mwisho walikuwa wachache zaidi kati yao. Hatuahidi mtu maisha marefu kwa utafiti mmoja. Tunachosema ni kwamba kutulizwa maumivu hakumzuii mtu kutibiwa, na kwamba mlango huu hufunguliwa mapema, haungoji wiki ya mwisho.

3 Machi: Mafunzo

Ratiba ya mafunzo haina maajabu: kunawa mikono, kugeuza mgonjwa bila kumburuta ili ngozi isichubuke, kutunza kinywa kilichokauka, kupepea hewa usoni kwa anayehema kwa shida, kujaza daftari la ziara. Manesi wanajua kufundisha haya, waachieni.

Mambo matatu yalitaka muda zaidi ya tuliopanga.

La kwanza ni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Darasa zima liliamini kwamba ndiyo dawa ya kumaliza mtu, au kwamba akiionja atakuwa mlevi. Maelezo ya jumla hayakutosha. Nesi alirudi na chupa tupu ya mofini ya maji na bomba la kupimia, akaonyesha jinsi dozi inavyoanza ndogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu. Akaeleza pia kwamba mofini huleta choo kigumu karibu kwa kila anayeitumia, kwa hiyo huandikiwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Jirani anayejua hilo tu ameshakuwa na faida, maana wagonjwa wengi huacha mofini kwa ajili ya tumbo na familia hudhani wameiacha kwa ajili ya nguvu zake. Mfano wa Uganda ulisaidia sana. Kule mofini ya maji hutengenezwa kwa unga, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu manesi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mtu alipouliza kama kweli nesi anaweza kuaminiwa na dawa hiyo, jibu lilikuwa tayari: nchi nzima imefanya.

La pili ni kunyamaza. Mtu mwema akisikia mgonjwa anasema "nimechoka kuishi", ulimi hukimbia: usiseme hivyo, utapona, mshukuru Mungu. Mgonjwa naye hufunga mdomo. Tulifanya mazoezi ya watu wawili wawili, mmoja anasema jambo zito, mwingine anaruhusiwa kujibu kwa swali moja tu: "Niambie zaidi." Ni zoezi gumu kuliko kugeuza kitanda. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana pande nyingi: ya mwili, ya moyo, ya mahusiano, ya roho. Dawa ya chupa hufika upande mmoja. Aliyelala anahesabu deni atakalowaachia wanawe hatatulizwa kwa kuongezewa dozi.

La tatu ni nani asianze sasa. Walijitokeza watu waliofiwa hivi karibuni, na nia yao ilikuwa safi. Katika mazoezi wawili kati yao walivunjika moyo vibaya. Tumeweka kanuni: aliyefiwa na mtu wa karibu anangoja, anapewa kazi isiyo ya kitandani, kama kutunza vifaa au kupanga zamu, na tunazungumza tena baadaye. Wanapokewa vizuri zaidi wakielezwa sababu kwa faragha kuliko wakisoma majina kwenye orodha.

6 Aprili: Nyumba za kwanza

Hapa ndipo tulipojifunza mengi kuliko popote.

Jirani alifika na kuuliza kwa upole, "Tukusaidieje?" Anayeuguza akajibu, "Tuko sawa, ahsanteni." Nyumba baada ya nyumba, jibu lile lile, na nyuma ya jibu unamwona mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki nyingi. Wengine walianza kusema watu hawataki msaada. Sikubaliani. "Tukusaidieje" ni swali linalomtwika aliyechoka kazi nyingine: afikirie, achague, aombe, kisha ajisikie ana deni.

Tulijaribu kuandaa orodha ya huduma na kuwapa wasome. Haikufaa. Kwenye karatasi kila kitu kinaonekana kikubwa, kama unaandikishwa mahali.

Kilichofaa ni kuchora. Tunaketi na anayeuguza, tunaandika jina la mgonjwa katikati ya karatasi. Duara la kwanza kumzunguka ni wale wanaoshika kazi kila siku. La pili ni ndugu na marafiki wanaokuja wakiitwa. La tatu ni majirani, wenzake wa kazini, wa ibada, wa kikundi. La nne ni kliniki na ofisi nyingine. Halafu tunauliza juu ya jana tu: jana asubuhi nani alimwosha? Nani alikwenda dukani? Usiku nani aliamka? Ulilala saa ngapi? Mara nyingi jina moja linajirudia mpaka mwenyewe anashtuka. Kisha tunanyooshea kidole duara la tatu: huyu, na huyu, kuna kitu angeweza kufanya? Sasa majibu yanakuja: watoto wapelekwe shule, mbwa apelekwe matembezi, mtu akae alasiri moja ili yeye aende kukata nywele. Ni kazi ndogo, zenye saa na jina la mtu. Nimeshuhudia mwanamke aliyekataa msaada wetu wote akikubali mtu wa kukaa na mumewe wakati yeye anaoga bila kuharakishwa.

Tatizo la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Habari zilipoenea, nyumba moja ilifurika. Kila jirani alikuja na pole zake, kila mmoja alitaka kusimuliwa ugonjwa ulianza vipi, mgonjwa akawa anajifanya amelala ili apumzike. Binti yake ndiye aliyetuambia, kwa adabu, lakini akiwa amekasirika. Tangu hapo kila nyumba ina mratibu mmoja, na huyo huchaguliwa na familia, sisi hatumteui. Yeye ndiye anayepanga zamu, anayesema leo hapana, na anayepeleka habari kwa wanaouliza ili mwenye nyumba asirudie hadithi ile ile kutwa. Ziara ina mwisho unaojulikana kabla haijaanza. Aliyefika anauliza kwanza kama mgonjwa anataka maongezi au anataka mtu tu wa kuwepo.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa kazi hii tumeona anaulizwa, hata uji. Mzee mmoja alikuwa analishwa kwa bidii na watu waliompenda, kumbe kila kijiko kilikuwa mateso. Mwili unaozimika hauhitaji chakula kama zamani, na hamu hupotea kwa sababu ya ugonjwa, wala si ukaidi. Nesi alipowaeleza, familia ilibaki na kazi ya kulowesha kinywa chake na kumpa kidogo anachokitaka, anapokitaka. Kuna mwanawe mmoja ambaye maelezo hayo yalimtoa machozi ya nafuu: alikuwa anaamini anamwua baba yake kwa njaa.

18 Mei: Kauli ya matakwa

Toleo la kwanza la fomu yetu, ya kuandika matunzo ambayo mtu angetaka akishindwa kusema, lilinakiliwa kutoka kwenye fomu za hospitali. Lilikuwa na kurasa nyingi, visanduku vya kuweka alama juu ya mashine ya kupumulia, kushtua moyo, mirija ya kulishia. Watu walilijaza kwa kubahatisha, au walilirudisha jeupe. Waliojaza hawakuweza kueleza wiki iliyofuata walichokuwa wamechagua. Tumeliacha.

Toleo la sasa ni ukurasa mmoja wenye maswali manne. Nani asema kwa niaba yangu nikishindwa, na nani wa pili asipopatikana? Ni mambo gani yakitoweka kabisa, maisha hayo nisingependa yarefushwe kwa nguvu? Naogopa nini zaidi? Ningependa kuwa wapi, na nani awe karibu, na hali ikilazimisha pabadilike, je? Mambo ya mashine yanazungumzwa na daktari, kwa ugonjwa wa mtu huyo hasa, baada ya haya manne kujulikana. Daktari akishajua mtu anaogopa nini, maelezo yake yanapata pa kushika.

La muhimu kuliko karatasi ni msemaji kuwepo wakati wa mazungumzo. Tuliona watu wakimteua mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa, ilhali mwenyewe hajui lolote na angependa kukataa. Sasa hatuandiki jina la msemaji mpaka yeye mwenyewe amesikia matakwa kwa masikio yake na kukubali. Na tunamuuliza swali moja la wazi: mgonjwa akitaka jambo usilolipenda wewe, utalisema hata hivyo? Baadhi wamejibu hapana, kwa uaminifu, na akachaguliwa mwingine bila ugomvi.

Nguvu ya kisheria ya karatasi kama hii hutofautiana kati ya nchi na nchi. Atakayeiga kazi yetu amuulize mwanasheria wa kwake kabla ya kuchapa fomu. Wosia wa mali ni jambo jingine na karatasi nyingine. Tulipojaribu kuviweka pamoja, mazungumzo ya matunzo yakamezwa na mazungumzo ya urithi mara moja. Vitenganisheni, hata kwa siku tofauti.

27 Juni: Usiku karatasi ilipokosekana

Mgonjwa huyu alikuwa amesema wazi, mbele ya mkewe na msemaji wake, kwamba anataka kubaki nyumbani. Kauli ilikuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Usiku kupumua kwake kulibadilika: kulikuwa na mkoromo wa makohozi, na pumzi zilikatika kisha zikarudi. Mdogo wake, aliyekuwa amewasili kutoka mbali siku hiyo hiyo, hakuwahi kuambiwa chochote. Aliona kaka yake anakabwa na watu wamekaa. Akaita gari la wagonjwa. Mke hakuwa na nguvu ya kubishana. Msemaji simu yake ilikuwa imezimwa. Karatasi ilikuwa kabatini, ufunguo haukuonekana. Alifariki hospitalini kabla ya mapambazuko, kwenye chumba cha dharura.

Sitaki mtu amlaumu yule mdogo mtu. Alifanya ambalo upendo ulimwambia afanye, kwa habari alizokuwa nazo. Mpango wetu ndio uliokuwa na matundu, na tumeyaziba moja moja.

Tundu la kwanza: karatasi ilitunzwa kama hati ya thamani badala ya chombo cha kazi. Katika mji wa La Crosse, Wisconsin, Marekani, ambako jamii nzima na hospitali zake zilianza mapema miaka ya 1990 kuzungumzia matakwa ya mwisho wa maisha, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta asilimia 85 ya watu wazima waliofariki walikuwa wameandika matakwa yao. Namba inayonigusa zaidi ni nyingine: asilimia 95 ya hati hizo zilikuwa ndani ya jalada la matibabu la mgonjwa, mahali daktari angeikuta. Kuandika ni nusu ya kazi. Sasa kila nyumba ina bahasha yenye rangi inayoonekana, imening'inizwa karibu na kitanda. Nakala moja iko kliniki, nyingine kwa msemaji, na picha yake iko kwenye simu ya mratibu wa nyumba.

Tundu la pili: ndugu wa mbali. Anayefika mwishoni hubeba hofu yote ya kutokuwepo, na mara nyingi ndiye anayedai kila kitu kifanyike. Tumeanza kumwuliza mgonjwa mapema, "Nani hayupo hapa ambaye angeshtuka?" Huyo anapigiwa simu, mgonjwa mwenyewe anamwambia kwa sauti yake. Utafiti uliofanyika Melbourne kwa wagonjwa wazee na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, pale mazungumzo ya aina hii yalipofanyika, familia zilizofiwa zilibaki na msongo, wasiwasi na huzuni kwa kiwango cha chini. Faida kubwa iko kwa wanaobaki.

Tundu la tatu: hakuna aliyewaandaa kwa dalili. Nesi ameandika karatasi ya siku za mwisho kwa lugha nyepesi: atalala zaidi kuliko kuwa macho, atakataa chakula na maji, mikono na miguu itapoa na kubadilika rangi, pumzi zitakatika na kurudi, makohozi yatakoroma kooni na mara nyingi hilo halimwumizi yeye kama linavyowatisha wanaosikia. Mlazeni kwa ubavu. Lowesheni midomo. Zungumzeni naye, huenda anasikia. Chini kabisa kuna namba ya kupiga kabla ya namba ya gari la wagonjwa, na mambo yanayostahili msaada wa haraka hata kama mpango ni kubaki nyumbani: maumivu yasiyotulia, kutokwa damu nyingi, kuweweseka kwa hofu, kuanguka na kuvunjika.

Na tundu la nne lilikuwa kwetu sisi wenyewe: tulikuwa tumeanza kuhesabu kifo cha nyumbani kama ushindi. Si sawa. Kuna nyumba ambayo maumivu hayatulizwi, au anayeuguza ameishiwa kabisa, na mgonjwa mwenyewe akasema anataka kwenda. Kubadili mawazo ni sehemu ya mpango. Tumeondoa kipengele hicho kwenye taarifa zetu.

3 Agosti: Siri, na fedha zinavyokwenda

Kikundi cha simu kilichoundwa kupanga zamu kiligeuka uwanja wa habari za wagonjwa. Mtu alituma picha ya mgonjwa akiwa na maneno ya kumwombea, kwa nia njema kabisa. Ikafika kwa watu ambao familia haikutaka wajue. Familia ile ilijitoa, na ilikuwa haki yao. Kikundi kikubwa kimefungwa. Kila nyumba ina kikundi chake kidogo chini ya mratibu wake, hakuna picha, hakuna jina la ugonjwa, ni saa na zamu tu. Kila aliye kwenye zamu ametia sahihi ahadi ya kutunza siri, na kuivunja ni kuondoka.

Fedha: hatukununua vitu vikubwa. Magodoro ya kuzuia vidonda na viti vya magurudumu vilipatikana kwa familia zilizomaliza kuvitumia, vikafanyiwa usafi na kuandikwa kwenye daftari la kuazima. Kilichotushangaza ni kwamba nauli na muda wa maongezi wa simu vilikula sehemu kubwa kuliko vifaa. Mwanzoni wajitoleaji walijilipia, na waliokuwa na kipato kidogo wakaanza kukosa zamu bila kusema sababu. Tukafikiri wamechoka. Mratibu mmoja alipowauliza kimya kimya, wakasema ukweli. Tangu hapo nauli hulipwa kabla ya zamu, kwa wote bila kuomba, ili asionekane nani anayehitaji. Nepi za watu wazima, glavu na mashuka ya plastiki hufuata kwa gharama, na hivyo havina mwisho. Yeyote atakayeanza atenge chanzo cha kudumu cha vitu hivyo.

14 Septemba: Baada ya mazishi

Hatukuwa tumepanga chochote kwa kipindi hiki. Zamu ilikatika siku ya kifo, na mtu aliyekuwa na wageni kila alasiri akabaki na nyumba tupu. Sasa zamu hazifi ghafla: mtu yule yule aliyekuwa akija anaendelea kuja, kwa nafasi zaidi, na anapiga simu siku ngumu kama tarehe ya kuzaliwa ya marehemu. Mofini iliyobaki hurudishwa kliniki na familia, ikihesabiwa mbele ya nesi. Haibaki kabatini wala haipewi jirani mwenye maumivu.

Watoto walitusumbua zaidi. Nyumbani kulikuwa na kawaida ya kuwaambia "mama amesafiri" au "amelala". Mtoto mmoja alianza kuogopa usingizi. Ushauri wa nesi ni kutumia neno lenyewe, amekufa, kumweleza kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, na kumhakikishia kwamba hakuna alichofanya wala kuwaza yeye kilichosababisha. Tumeongeza saa nzima ya jambo hili kwenye mafunzo.

Wajitoleaji nao wanafiwa. Baada ya kila kifo waliohusika wanakutana, wanasimulia, na hakuna anayepangiwa nyumba mpya mpaka aseme yuko tayari.

12 Oktoba: Tulipofikia

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Huduma Shufaa Duniani, tukaitumia kukaa na familia na kliniki kupitia kazi.

Taarifa yetu ya awali ilihesabu ziara. Ziara nyingi hazisemi kama mtu alisaidika. Sasa tunamuuliza anayeuguza maswali machache kila mwezi: ulilala? Kuna jambo unaloogopa ambalo hujajibiwa? Unajua umpigie nani usiku? Na tunakagua kitu kimoja kwa macho: bahasha iko mahali pake, na msemaji anajua kilichomo.

Familia zilituonyesha pengo ambalo hatukuliona. Karibu wagonjwa wetu wote walikuwa wa saratani, kwa sababu ndio ambao hospitali huwaandikia rufaa. Wenye moyo kushindwa kazi, mapafu yaliyochakaa, figo, na wazee wanaopoteza kumbukumbu, wako mitaani humu humu na wanaouguza wao wanachoka kwa miaka. Maradhi yao hupanda na kushuka, hakuna siku ambayo daktari anasema sasa ndiyo wakati. Kwa anayepoteza kumbukumbu muda ni mfupi zaidi, maana yale maswali manne yanataka majibu yake mwenyewe angali anaweza kuyatoa.

Hatua inayofuata, basi, ni kwa kliniki za moyo na za kumbukumbu. Nesi ameshakubali kutupeleka. Karatasi ya mgawanyo wa kazi inaandikwa upya kwa ajili ya maradhi yanayodumu, kwa kuwa zamu za miezi hazitoshi mahali panapohitaji zamu za miaka, na hatujakubaliana bado na kliniki nani atakuwa anapokea simu za usiku za wagonjwa ambao hawamo kwenye orodha yake ya saratani. Mpaka hilo liandikwe na kutiwa sahihi, hatupokei nyumba mpya za aina hiyo.